Dawa ya Masikio ya Ng'ombe

Harufu ya josho haifanani na harufu nyingine yoyote niliyopata kuinusa hapa duniani, na mimi nimenusa mengi. Inaingia puani kama pilipili iliyomwagwa kwenye makaa, halafu nyuma yake unafuata utamu wa uongo, kama tunda lililoozea ndani ya ganda. Utotoni kwetu Susuni hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya siku ya kuogesha ng'ombe. Ilishika manyoya ya ndama, ikashika shuka la Tata, ndivyo tulivyomwita baba yetu, ikaingia mpaka kwenye maziwa ya jioni, na sisi tukayanywa hivyo hivyo tukajilamba midomo. Dawa yenyewe ilikaa kwenye pipa la chuma, nyeusi, nzito. Ukiimwagia maji inageuka nyeupe pepepe kama maziwa ya ng'ombe aliyezaa jana. Mtoto ukiona hivyo utasema kitu kinachogeuka maziwa kitakuwa na ubaya gani? Mimi shule niliishia darasa la tatu, wakanitoa nikalee wadogo zangu. Lakini macho yangu hayakuishia darasa la tatu, na niliyoyaona kiangazi kile nitayaandika yalivyo, anayetaka maneno laini akatafute kwa wengine.

Tulikuwa na mbwa anaitwa Watachoka. Tata ndiye aliyempa jina hilo, na lilikuwa salamu kwa wezi wa ng'ombe: njooni, mtachoka wenyewe. Hakuwa mbwa mzuri wa kutazama. Sikio moja lilichanwa na fisi, mkia ulipinda kama mpini wa jembe la zamani. Lakini sauti alikuwa nayo. Akibweka, ng'ombe wanasimama wenyewe zizini, na wanaume wanatoka na mikuki kabla hawajajua wameamka. Watu wa pwani wakisikia mbwa wanafikiri uchafu. Kwetu mbwa ni kufuli. Ng'ombe wale ndio walikuwa maisha yetu yote. Maziwa ni wao, heshima ya Tata barazani ni wao, mke wa kaka yangu Chacha ambaye alikuwa hajaoa bado ni wao. Na kati ya ng'ombe wale na mwizi alisimama mbwa mmoja tu mwenye sikio lililochanika. Kila mtu nyumbani alijua hivyo, ila hakuna aliyewahi kumpa mfupa wenye nyama.

Kiangazi kile majani yaliungua mapema, upepo ukawa unaleta majivu kutoka upande wa Serengeti, na Watachoka akaanza kujikuna. Mwanzoni ni kwapani tu. Halafu tumboni, halafu usoni kuzunguka macho, mpaka akawa na miwani ya ngozi tupu. Manyoya yalidondoka kwa mafungu, ngozi chini yake ikawa nene, ya kijivu, ina mikunjo kama ya goti la mzee, na inanuka kama siagi iliyosahauliwa. Alikuwa anajikuna mpaka anajisahau. Unamwona anaanza kubweka mtu anayepita njiani, katikati ya mbweko anakaa chini kujikuna, na mtu anapita zake. Tata aliona hilo. Akasema, "Huyu sasa anawalinda viroboto wake, sisi hatulindi."

Ndipo dawa zikaanza kuja, na kila aliyeleta dawa aliapa kwa kaburi la baba yake. Jirani akasema maji ya tumbaku. Tukachemsha tumbaku ya bibi, tukamwagia, mbwa akatapika siku nzima. Mwingine akasema oili chafu ya mashine ya kusaga, kwamba upele unakosa hewa unakufa. Tukampaka oili, akawa mweusi anang'aa kama kiatu cha padri, jua la mchana likamkaanga ndani ya oili ile, ngozi ikapasuka mistari mistari inayotoa maji. Mama akasema, "Mwacheni jamani, mnamuua." Wakacheka. Kwetu dawa isiyochoma si dawa. Mwaka ule vijana wa rika la Chacha walikuwa wanangojea jando, na wanaume walikuwa hawana kipimo kingine cha kitu chochote isipokuwa kimoja: analia au halii? Kijana anayekunja uso mbele ya kisu anaaibisha ukoo mzima. Basi na mbwa naye wakampima hivyo hivyo. Alipolia kwa oili, babu mmoja alimtemea mate akasema, "Mbwa wa mwanaume halii namna hii. Mtafutieni sketi."

Sasa sikilizeni jambo linaloniuma kuliko yote. Katikati ya mambo hayo, bwana mifugo alikuja nyumbani kwetu. Hakutumwa kwa mbwa, alikuja kupima dawa ya josho na kutazama ndama. Alikuwa kijana kutoka mikoa ya kusini, mrefu, Kiswahili chake kinateleza kama mafuta, viatu vyake vimejaa vumbi letu. Tata alipomwona anapanda kilima aliniita haraka. "Bhoke! Mpeleke yule nyuma ya ghala. Mfunike tenga. Ukae juu." Yule ni nani hakusema, hakuwa na haja. Mwanaume mwenye zizi kama la Tata angeonekanaje na mbwa anayetoa maji ya ngozi uani kwake? Nikamfunika Watachoka kwa tenga kubwa la mtama, nikakaa juu yake. Chini yangu tenga lilikuwa linacheza, kwa sababu upele haujui kwamba kuna mgeni.

Mgeni akapewa kiti na kibuyu cha maziwa ya mgando. Wakaongea ng'ombe mpaka wakamaliza. Halafu yule kijana akauliza, na nilimsikia kwa masikio yangu haya, "Mzee, kuna mnyama mwingine yeyote anayeumwa hapa nyumbani?"

"Hakuna," Tata akasema.

Kijana akatazama upande wa ghala. "Na hilo tenga alilokalia binti lina nini? Naona linatikisika."

"Kuku anaatamia."

"Kuku mkubwa huyo, mzee."

"Kwetu kuku wanakula ulezi," Tata akajibu, na wanaume wote wakaangua kicheko, mgeni naye akacheka kwa adabu, akamaliza maziwa yake, akaaga. Mficha maradhi kilio humuumbua, lakini kilio chetu kilikuwa bado kiko njiani. Dawa ilifika mpaka uani kwetu ikanywa maziwa ikaondoka, kwa sababu mzee mmoja aliona haya kutamka neno mbwa mbele ya mtu wa serikali.

Aliyekuja baada yake alikuwa baba mdogo Nyamhanga. Yeye ndiye aliyekuwa anamimina dawa kwenye josho, na kwa sababu hiyo alitembea kijijini kama mtu aliyeumba kupe na anayewaua. Niwaeleze kwanza kitu, maana bila hicho hamtaelewa. Ng'ombe akiogeshwa, kuna kupe wanaojificha ndani kabisa ya sikio, ambako maji ya josho hayafiki vizuri. Basi wazee walikuwa wanachukua kidogo cha ile dawa nzito ya pipani, ambayo haijaguswa na maji, wanaivuruga na samli, wanapaka ndani ya sikio kwa kidole kilichofungwa kitambaa. Samli inaishikisha dawa isidondoke. Kupe wanakufa, ng'ombe anatikisa kichwa, kazi imekwisha. Hiyo kila mfugaji aliijua. Baba mdogo akamtazama Watachoka, akamzunguka, akakuna kidevu, halafu akatoa hesabu yake mbele ya wanaume, na mpaka leo sijasikia hesabu mbaya kama ile. Alisema, "Kaka, mbwa mzima ni nini? Ukiitandika ngozi yake yote haizidi masikio manne ya ng'ombe. Ng'ombe wawili tu hao. Tumpake dawa ya sikio, kesho kutwa anaota manyoya."

Wanaume wakaitika. Hesabu ilikuwa imenyooka. Nani angepinga? Ng'ombe ana masikio mawili, ng'ombe wawili wana manne, na mbwa alikuwa mdogo kweli. Lakini ng'ombe hawezi kufikisha ulimi kwenye sikio lake. Mbwa ulimi wake unafika kila mahali, mgongoni karibu na mkia, tumboni, mapajani, ndiyo sabuni yake na ndiyo dawa yake tangu azaliwe. Na sikio la ng'ombe lilikuwa zima, Watachoka alikuwa ni kidonda chenye miguu minne. Kuna mama mmoja tu aliyesema neno, naye ni mama yangu, alisimama mlangoni na mwiko mkononi akauliza, "Na akijilamba?"

"Shemeji," baba mdogo akamjibu, "wewe songa ugali. Huku tunatibu."

Walimpaka asubuhi, jua likiwa linaanza kuwa kali. Chacha alishika miguu ya nyuma, mimi nikaambiwa nishike kichwa kwa sababu mbwa alikuwa ananisikiliza mimi. Mikono mitupu. Baba mdogo alichota ile samli yenye dawa kwenye kigae cha chungu, imekuwa ya kahawia kama ugoro, akaisugua mwili mzima kwa gunzi la mahindi ili iingie vizuri. Aliisugua penye nyufa. Aliisugua machoni, pale kwenye miwani. Watachoka hakulia mara moja. Alinitazama kwanza, kama mtu anayetaka kuhakikisha kwamba ni mimi, halafu akalia, na ile haikuwa sauti ya mbwa. Ng'ombe waliinua vichwa zizini. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye magogo wanakunywa uji wa ulezi, wakapiga makofi. "Inafanya kazi! Mura, kijana wangu, inafanya kazi!" mmoja akapiga kelele. Mwingine akamwambia Chacha, "Tazama vizuri, na wewe siku yako ikifika tutaona utalia hivyo au utakaa kiume." Chacha akacheka nao. Alikuwa na hofu ya kisu chake, maskini, ndiyo maana alicheka kwa nguvu kuliko wote.

Wakamfunga kwenye nguzo ya zizi ili asijigaragaze akafuta dawa. Mdomo hawakumfunga. Akawa anajilamba. Anajilamba kwa bidii, kwa usafi, kama mama anayemwosha mtoto, na watu wakasema tazama, anapata nafuu, anajitunza. Samli ilikuwa tamu, ninyi. Mbwa aliyenyimwa samli maisha yake yote, siku hiyo alipewa ya kujaza mwili mzima.

Mimi nikafuta mikono kwenye gauni, nikachoma muhindi, nikala. Jua lilipopinda kidogo kuelekea jioni, mate yakaanza kunijaa mdomoni. Nikitema yanajaa tena. Macho yakaona kila kitu kwa mbali na kwa giza giza, kama ninachungulia kupitia tundu la kibuyu, na tumbo likanikata mpaka nikakaa chini pale pale uani. Nikatazama kwenye nguzo. Watachoka naye alikuwa anatoa mate, marefu, meupe, miguu inatetemeka kama ya ndama anayejaribu kusimama mara ya kwanza, amejichafua nyuma, kamba imemkaba kwa kuvuta. Mama alikuwa ndiyo anaingia kutoka mtoni na mtungi wake kichwani. Kiangazi kile mto ulikuwa mbali na maji ni ya kukinga kwa kata, mtungi mmoja ni kazi ya mchana kutwa. Alinitazama mimi, akamtazama mbwa, akanitazama tena. Hakuuliza mtu. Aliona mate yale ni mamoja.

Alinivua gauni mbele ya wanaume wote, akanikamata mkono, akanimwagia maji akanisugua kwa sabuni ya kipande mpaka ngozi ikawa nyekundu, mikono, uso, shingo, ndani ya kucha, akamimina tena. Watachoka alisikia maji. Alivuta kamba mpaka nguzo ikalia, akafika karibu kiasi cha kuweza kunyoosha ulimi kwenye tope lililokuwa linatoka miguuni kwangu. Mama akamsukuma kwa mguu. Nikamwambia, "Mama, na yeye." Mama akasema, "Maji ni haya." Akamimina tone la mwisho kichwani kwangu, akaupindua mtungi. Sikumchukia, na leo nikiwa nimezaa wangu ndiyo simchukii kabisa. Mtungi mmoja hauoshi wawili. Halafu aliwageukia wale wanaume pale kwenye magogo, mwanamke ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti, akawaambia, "Mkimaliza uji mkachimbe shimo."

Watachoka alikufa kabla jua halijazama, mgongo umepinda kama upinde, meno yote nje. Mimi nilitapika, nikalala, nikaharisha, nikapona. Wanasema damu yangu ni ngumu, na ni kweli.

Mtu mwenye akili angekoma hapo. Baba mdogo Nyamhanga alikaa na wenzake, akasema dawa ilikuwa inakwenda vizuri sana, iliharibiwa na maji. Kwamba mama yangu alipomwaga maji uani, dawa ilishtuka ikarudi ndani ya moyo wa mbwa. Na Tata akakubali! Alikubali kwa sababu njia nyingine ilikuwa ni kukubali kwamba bwana mifugo aliuliza, naye akasema hakuna. Basi upele ulipoingia kwa mbwa wa jirani, jirani naye alimwita Nyamhanga, na Nyamhanga akamwonya asithubutu kummwagia mbwa maji. Mbwa akafa mkavu. Safari hiyo kosa likawa la samli, kwamba ilikuwa ya ng'ombe mwenye mimba. Aliyefuata, kosa likawa la mwezi. Kila mbwa alikufa na sababu yake, na hakuna sababu hata moja iliyomgusa aliyeshika gunzi. Mpaka ulezi unavunwa, upande wetu wote wa kilima ulikuwa kimya. Ukipita njiani hakuna anayekubwekea. Watoto wadogo walifurahi.

Wezi pia. Asubuhi moja tuliamka tukakuta miba ya mlango wa zizi imesogezwa pembeni vizuri, kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake. Ndani alibaki ndama mmoja mgonjwa na kinyesi kinachofuka moshi. Wanaume walipiga yowe, wakafuata nyayo mpaka kwenye mawe ambako nyayo zinapotea. Hapo ndipo mbwa anapotakiwa, pua yake inaendelea pale macho ya mtu yanapoishia. Walisimama pale kwenye mawe wakatazamana. Tata alirudi jioni amebeba fimbo begani kama mtu mwenye ng'ombe mbele yake. Chacha alikaa kiume siku ya kisu, hakukunja hata nyusi, ukoo ukamsifu, na baada ya hapo akakaa miaka bila mke kwa sababu hakuna baba anayetoa binti kwa sifa.

Leo nimezeeka, niliolewa Nyarero na huko ndiko ninakoishi, na nasikia watu wakisema zamani kulikuwa na ujinga. Lami imepita, umeme umepita juu ya vichwa vyetu, dawa za mifugo zinauzwa madukani zikiwa na picha ya ng'ombe anayecheka. Juzi nilikwenda Nkende kwa mjukuu wangu Robhi, ana duka na mbwa wa kulilinda. Nikamkuta uani na chupa ya dawa ya kupe na kopo la mafuta ya kujipaka, anavuruga. Mbwa amefungwa, macho yana miwani ile ile. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, lakini mimi niliona nyoka mwenyewe.

"Unafanya nini wewe?"

"Shikamoo bibi. Namtengenezea dawa, watu kwenye simu wameandika ukichanganya na mafuta inashika vizuri."

"Hao watu kwenye simu wana mbwa?"

"Bibi, wengi wamesema imewasaidia."

"Waliosaidiwa ndio wanaandika. Mbwa aliyekufa ataandika na nini?"

Nilimnyang'anya chupa, nikamwambia anawe mikono yote miwili kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, halafu nikaichukua kamba mwenyewe. Nilimpitisha mbwa yule katikati ya sokoni, anajikuna kila hatua, na watu wakapata cha kuongea. "Bibi, unampeleka mgonjwa hospitali?" kijana wa bodaboda akaniuliza. "Ndiyo, na nikirudi nakupeleka wewe, unaonekana una minyoo," nikamjibu. Ofisi ya mifugo ilikuwa na foleni ya wanaume, kila mmoja anaongea ng'ombe. Bwana mifugo siku hizi ni msichana mdogo, amesuka, ametoka mbali. Alimpima mbwa bila kukunja pua, akakwangua ngozi kidogo, akaniuliza mmeshampaka nini. Nikamwambia bado, nimewahi. Akasema, "Ahsante bibi, wengi huja wameshapaka." Akampiga sindano kwa kipimo cha uzito wake, akaniambia turudi tena, na kwamba upele huo unaweza kuhamia kwa watu, kwa hiyo Robhi anawe na matandiko ya mbwa yachomwe. Ndiyo hivyo tu. Tiba ya jambo lililomaliza kijiji chetu ilikuwa fupi kuliko kusonga ugali.

Nilipokuwa nafunga kamba nitoke, mzee mmoja wa umri wangu kwenye foleni, koti zuri, fimbo nzuri, aliniinamia akaninong'oneza kwa Kikurya ili msichana asisikie. Alitaka kujua mbwa wangu amepewa dawa gani, maana na yeye nyumbani ana mbwa, manyoya yameisha mgongoni, na wamejaribu mafuta ya taa. Nikamwambia kwa Kiswahili, kwa sauti, "Omogaka, mzee wangu, daktari huyo hapo mbele yako. Muulize."

Akatazama wanaume waliokuwa nyuma yake. Wote walikuwa wameacha mazungumzo ya ng'ombe wanasikiliza. Zamu yake ikafika, msichana akamwambia, "Shikamoo mzee, una mnyama gani anaumwa?" Mzee akakohoa, akajinyoosha koti, akaomba dawa ya minyoo ya ndama, akaondoka.